Kukata Uzi kwa Kalamu: Mchoro wa Gimba Huru na Mkazo wa Vitu Vinavyoning'inia

Ndugu walimu, wanafunzi wapendwa, na nyote mliofika kusikiliza,

Juu ya meza hii pana nguzo yenye ndoano. Kwenye ndoano nimefunga uzi, kwenye uzi huo nimetundika gimba la chuma lenye tungamo la kilogramu 3, na chini ya gimba hilo nimefunga uzi wa pili unaoshikilia gimba jingine la kilogramu 2. Kila kitu kimetulia. Swali langu la kwanza ni hili: kila uzi una mkazo kiasi gani, yaani unavuta kwa nguvu kiasi gani? Jibu linalotoka upesi ni kwamba uzi wa juu unabeba kilogramu 3 na uzi wa chini unabeba kilogramu 2, kwa sababu macho yanaona kila gimba likiwa na uzi wake. Jibu hilo ni kosa, na aliyelitoa huenda anaijua vizuri sheria ya pili ya Newton, anajua kuzidisha, na anajua kwamba graviti huvuta kila kilogramu kwa kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ya nyutoni 9.8. Alichokosa ni kimoja tu: hakuamua anazungumzia kitu gani.

Hilo ndilo ninalotaka kulitetea leo. Ugumu wa maswali ya vitu vilivyofungwa pamoja na kuning'inizwa haumo katika hesabu. Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa, na mara chache za kugawanya. Ugumu umo katika kuchagua mpaka, yaani kusema wazi kwamba kilichomo ndani ya mstari huu ndicho ninachokichunguza, na kilicho nje nitakitambua kwa kani zake pekee. Mchoro wa gimba huru ni njia ya kufanya uchaguzi huo kwa kalamu, ili usibaki kichwani ambako unaweza kubadilika katikati ya kazi bila sisi wenyewe kujua.

Namna ya kuuchora ni nyepesi kueleza. Tunachagua kitu, tunakizungushia mstari wa kufikirika, kisha tunaondoa ulimwengu wote uliobaki. Kila mahali ambapo kitu hicho kilikuwa kinagusana na jirani yake, tunaacha mshale unaoonyesha kani ambayo jirani huyo alikuwa akikitendea. Mwisho tunaongeza mshale wa uzito, kwa kuwa graviti hufanya kazi bila kugusa. Hapo kazi ya kuchora imekwisha. Mshale wowote ambao hatuwezi kutaja ni nani anayeutoa hauna haki ya kuwepo, na kwa miaka yote niliyofundisha somo hili sijapata kanuni iliyowasaidia wanafunzi kuliko hiyo. Muulize mwanafunzi: huyu mshale ni wa nani? Akisema ni wa uzi, sawa. Akisema ni wa dunia, sawa. Akisema ni "kani ya mwendo", ufuteni mshale huo pamoja naye.

Turudi mezani. Tuanze na gimba la chini, la kilogramu 2. Linagusana na kitu kimoja tu, uzi ulio juu yake. Kwa hiyo lina mishale miwili: uzito wa nyutoni 19.6 kwenda chini, na mkazo wa uzi wa chini kwenda juu. Limetulia, kwa hiyo mishale hiyo inalingana, na mkazo wa uzi wa chini ni nyutoni 19.6. Mpaka hapa hakuna aliyepotea.

Sasa gimba la juu. Naomba mlitazame kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo maswali mengi huharibika. Linagusana na nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini. Uzi wa juu unalivuta kwenda juu. Uzi wa chini unalivuta kwenda chini, kwa sababu uzi hauwezi kusukuma. Uzi huvuta tu, na huvuta kuelekea kwenye mwili wake wenyewe, pande zote mbili. Kisha upo uzito wa gimba lenyewe, nyutoni 29.4. Mishale ni mitatu. Jumla ya inayokwenda chini ni 19.6 na 29.4, yaani nyutoni 49, na huo ndio mkazo wa uzi wa juu.

Angalieni kitu ambacho sikukichora. Sikuchora uzito wa gimba la kilogramu 2 juu ya gimba la kilogramu 3. Wanafunzi wengi huuchora, na kwa bahati mbaya hupata jibu sahihi, kwa kuwa katika hali ya utulivu mkazo wa uzi wa chini na uzito wa gimba la chini vina thamani moja. Bahati hiyo ni hatari. Uzito wa gimba la chini ni jambo lililopo kati ya gimba hilo na dunia. Gimba la juu halihusiki nalo hata kidogo. Linachokijua gimba la juu ni kwamba upo uzi umefungwa chini yake na uzi huo unavuta. Kama uzi huo unavuta kwa sababu kuna chuma, au kwa sababu kuna mtu ameushika, au kwa sababu umefungwa sakafuni na kukazwa, kwa gimba la juu yote ni mamoja. Mara tu vitu vitakapoanza kubadilisha kasi, thamani hizo mbili zitaachana, na aliyezoea kuchora uzito usio wa kwake atapata jibu la uongo bila kujua limetoka wapi.

Iko njia nyingine. Badala ya kutenga gimba moja, tunazungushia mstari magimba yote mawili pamoja na uzi ulio kati yao. Ndani ya mpaka huo kuna tungamo la kilogramu 5. Mstari unakata sehemu moja tu, uzi wa juu. Mishale ni miwili: mkazo wa juu, na uzito wa jumla wa nyutoni 49. Jibu limekuja kwa hatua moja. Uzi wa chini umekwenda wapi? Umo ndani ya mpaka. Unalivuta gimba la juu kwenda chini kwa nyutoni 19.6 na unalivuta gimba la chini kwenda juu kwa kiasi kilekile, na kwa mfumo mzima hizo mbili zinafutana. Ndiyo maana nimeiita hotuba hii kazi ya kukata uzi kwa kalamu: mkazo haujitokezi kwenye karatasi hadi mpaka wetu uukate uzi unaohusika. Ukitaka kuujua mkazo wa uzi fulani, pitisha mstari wako katikati yake. Usipotaka kuujua, upitishe mbali nao. Nguvu ya njia hii yote imekaa hapo.

Kabla ya kuviacha vitu vilivyotulia, nina jaribio jingine. Hapa kuna mizani ya springi iliyolazwa katikati ya meza. Kila ncha yake ina uzi unaopita juu ya roda, yaani gurudumu dogo la kupitishia uzi, ukingoni mwa meza, na kila uzi una gimba la kilogramu 2 linaloning'inia. Kabla sijaifunua, nawaomba kila mmoja aandike mizani inasoma ngapi. Naona walioandika sifuri, kwa hoja kwamba pande mbili zinafutana. Naona walioandika 39.2, kwa hoja kwamba kani mbili zinajumlishwa. Mizani inasoma nyutoni 19.6. Tengeni gimba la kushoto: limetulia, uzito wake ni 19.6, basi uzi wake una mkazo wa 19.6. Kisha tengeni mizani: upande wa kushoto inavutwa kwa 19.6 na upande wa kulia kwa 19.6, na kwa sababu hiyo haiendi popote. Walioandika sifuri wamehesabu jumla ya kani juu ya mizani, ambayo kweli ni sifuri, lakini mizani haisomi jumla. Inasoma mkazo uliopo kwenye ndoano yake. Tukiliondoa gimba la kulia na kufunga uzi huo ukutani, mizani itasoma vilevile, kwa kuwa ukuta utavuta kwa 19.6. Hata mizani iliyoshikwa mkononi huvutwa pande zote mbili. Tumezoea tu kutouhesabu mkono.

Sasa tuviondoe vitu kwenye utulivu. Chukulieni kwamba ninainyanyua nguzo hii yote pamoja na magimba yake mawili, na ninaongeza kasi ya kupanda kwa mita 1.2 kwa sekunde kila sekunde. Huo ndio mchapuko. Swali la kwanza ambalo wanafunzi huniuliza ni wapi pa kuuchora. Jibu langu halina masharti: hauchorwi miongoni mwa kani. Mchapuko si kani, na zao la tungamo na mchapuko nalo si kani. Ni upande wa pili wa mlinganyo wa sheria ya pili ya Newton. Upande mmoja tunaandika jumla ya mishale, upande wa pili tunaandika tungamo mara mchapuko. Anayetaka kukumbuka mwelekeo wa mchapuko auchore kando, nje ya gimba, kwa mstari wa nukta. Akiuweka ndani, ataujumlisha pamoja na kani, na atakuwa ameuhesabu mara mbili.

Gimba la chini: mkazo toa 19.6 ni sawa na 2 mara 1.2. Mkazo wa uzi wa chini ni nyutoni 22. Hapa tunaona ule uachano nilioutaja: uzito wa gimba la chini bado ni 19.6, lakini uzi unavuta kwa 22. Gimba la juu: mkazo wa juu, toa 22, toa 29.4, ni sawa na 3 mara 1.2, yaani 3.6. Mkazo wa juu ni nyutoni 55. Na tukihakiki kwa mpaka wa pamoja, kilogramu 5 zikizidishwa kwa jumla ya 9.8 na 1.2 zinatoa 55 hiyohiyo. Aliyeweka uzito wa 19.6 mahali pa mkazo wa 22 angepata 52.6, na kamba iliyonunuliwa kwa kutegemea hesabu hiyo ingekuwa na deni.

Mchapuko ukielekea chini, kwa mfano mita 1.8 kwa sekunde kila sekunde, mikazo inashuka hadi 16 na 40. Kumbukeni kwamba ni mwelekeo wa mchapuko unaoamua, si mwelekeo wa mwendo: mzigo unaopanda huku ukipunguza kasi una mchapuko wa kuelekea chini, na kamba zake zimelegea kidogo. Mzigo unaopanda kwa kasi isiyobadilika una mikazo ileile ya mzigo uliotulia. Tukiachilia kila kitu kianguke chenyewe, mikazo yote miwili ni sifuri, ingawa uzito haujapungua hata chembe. Tazameni pia uwiano: 19.6 kwa 49, 22 kwa 55, 16 kwa 40. Kila mara mkazo wa chini ni sehemu mbili kwa tano za mkazo wa juu, kwa kuwa uzi wa chini unawajibika kwa kilogramu 2 na uzi wa juu kwa kilogramu 5, na mchapuko ni mmoja kwa wote. Mwanafunzi anayeuona uwiano huo bila kuambiwa ameielewa mada.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji gimba moja na nyuzi mbili nyembamba zinazofanana. Gimba la kilogramu 2 linaning'inia kwa uzi mmoja, na uzi wa pili umefungwa chini yake ukiwa huru. Nitauvuta ule wa chini. Nikivuta polepole, ni uzi upi utakatika? Tazameni. Umekatika wa juu. Sasa nafunga nyuzi mpya, na mara hii ninavuta kwa ghafla. Umekatika wa chini, na gimba limebaki mahali pake likitikisika kidogo.

Mchoro ni mmoja kwa hali zote mbili: mkazo wa juu kwenda juu, uzito na mkazo wa chini kwenda chini. Tuseme kila uzi hukatika mkazo wake unapofika nyutoni 40. Ninapovuta polepole, mchapuko hauna maana yoyote, na mkazo wa juu daima ni mkazo wa chini kuongeza 19.6. Mkono wangu unapofikia 20.4, uzi wa juu umeshafika 40, nao unakatika wakati wa chini uko katikati tu ya uwezo wake. Ninapovuta kwa ghafla, mambo ni mengine. Uzi wa juu hauwezi kukazwa zaidi mpaka urefuke zaidi, na hauwezi kurefuka mpaka gimba lishuke. Gimba nalo ni zito, haliondoki mara moja. Kwa hiyo mkono wangu unapofikisha 40 kwenye uzi wa chini, uzi wa juu bado una takriban 19.6 yake ya awali. Mlinganyo unatuambia kwamba wakati huo gimba lina mchapuko wa mita 20 kwa sekunde kila sekunde, zaidi ya maradufu ya ule wa kuanguka. Unaonekana mkubwa, lakini gimba lenye mchapuko huo kwa muda wa sekunde 0.005 husogea robo ya milimita tu, na uzi wa chini umeshakatika. Wengi hulieleza jaribio hili kwa neno inesha, yaani tabia ya gimba kupinga mabadiliko ya mwendo wake, na kuishia hapo. Neno ni sahihi, ila mwanafunzi aliyechora mishale mitatu anaweza kusema zaidi: uzi wa chini huwa na mkazo mkubwa kuliko wa juu pale tu mchapuko wa gimba kuelekea chini unapozidi 9.8. Huo ni mstari wa kugawa matokeo mawili, na umetoka kwenye mchoro moja kwa moja.

Nimekuwa nikisema "mkazo wa uzi" kana kwamba uzi mzima una mkazo mmoja. Ni haki yenu kudai sababu, na sababu inapatikana kwa kuutenga uzi wenyewe. Uzi una mishale mitatu: unavutwa juu kwenye ncha moja, unavutwa chini kwenye ncha nyingine, na una uzito wake. Tungamo la uzi likiwa dogo kiasi cha kupuuzwa, uzito wake ni kama sifuri na tungamo mara mchapuko nalo ni kama sifuri, kwa hiyo ncha mbili lazima ziwe na mkazo uleule. Vitabu vya shule huandika "kamba nyepesi isiyorefuka" kwenye kila swali, na wanafunzi huyaruka maneno hayo. Yasirukwe. "Nyepesi" ndiyo inayoruhusu mkazo mmoja kwa kamba nzima. "Isiyorefuka" ndiyo inayoruhusu mchapuko mmoja kwa magimba yote mawili.

Kamba ikiwa nzito, ruhusa ya kwanza inaondoka. Chukueni kamba ya mita 10 ambayo kila mita ina nusu kilogramu, iliyofungwa gimba la kilogramu 2 chini yake. Kwenye ncha ya chini mkazo ni 19.6. Nikikata katikati, chini ya mkato kuna kilogramu 4.5, na mkazo ni 44.1. Kwenye ndoano kuna kilogramu 7 zinazoning'inia, na mkazo ni 68.6. Sehemu kubwa ya kani hiyo kamba inaitumia kujibeba yenyewe. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alishalizungumzia jambo hili: waya ukiwa mrefu vya kutosha utakatika kwa uzito wake bila kutundikwa chochote. Wahandisi wa lifti wanaishi na ukweli huo. Katika majengo marefu sana nyaya za chuma zinaweza kuwa nzito kuliko chumba cha abiria, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya safari moja ya lifti ya nyaya za chuma isizidi takriban mita 500.

Nije kwenye roda. George Atwood, mwanahisabati wa Cambridge, alichapisha mwaka 1784 maelezo ya mashine yenye magimba mawili yanayoning'inia pande mbili za roda, ambayo aliitumia kuonyesha sheria za mwendo kwa mchapuko mdogo unaoweza kupimwa. Tuweke kilogramu 3 upande mmoja na kilogramu 2 upande wa pili, roda ikiwa nyepesi na isiyo na msuguano. Kila gimba litengwe peke yake, na kwa kila gimba mwelekeo wa mwendo wake uhesabiwe kuwa chanya: la kilogramu 3 linashuka, la kilogramu 2 linapanda. Milinganyo ni miwili, 29.4 toa mkazo ni 3 mara mchapuko, na mkazo toa 19.6 ni 2 mara mchapuko. Tukiijumlisha, mkazo unajifuta, na mchapuko ni 1.96. Tukirudi nyuma, mkazo ni nyutoni 23.52, ulio kati ya nyutoni 19.6 na 29.4 kama unavyopaswa kuwa: umezidi uzito wa gimba linalopanda, na umepungua kuliko uzito wa lile linaloshuka.

Wengi huliacha swali hapo. Mimi ningewaomba mtenge kitu kimoja zaidi, roda yenyewe. Inavutwa chini na pande mbili za uzi, kila upande 23.52, kwa hiyo ndoano inayoishikilia ina 47.04. Lakini magimba yote mawili yana uzito wa jumla wa nyutoni 49! Nikiifunga roda isizunguke, ndoano inasoma 49. Nikiifungua, inashuka hadi 47.04, ingawa hakuna kilichoondolewa. Nyutoni 1.96 zilizopungua zina maelezo yake: kilogramu 3 zinachapuka kwenda chini na kilogramu 2 zinachapuka kwenda juu, na baada ya kutoa inabaki kilogramu 1 inayochapuka kwenda chini kwa 1.96. Anayeamini kwamba ndoano siku zote hubeba uzito wa vilivyotundikwa hataliona hili mpaka achore.

Kuna hali moja ambapo kitu cha kutenga si gimba kabisa, nayo inastahili kutajwa hata kwa ufupi. Gimba la kilogramu 5 linaning'inia kutoka kwenye fundo, na fundo limeshikwa na kamba mbili za mshazari zinazofanana, kila moja ikiinuka kutoka usawa wa ardhi kwa pembe fulani. Tenga fundo. Tungamo lake si kitu, lakini ndiko kamba zote tatu zinakokutana. Kwa pembe ya digrii 30, kila kamba ina mkazo wa nyutoni 49, sawa na uzito mzima. Kwa digrii 10 mkazo unafika takriban 141, na kwa digrii 5 unafika takriban 281. Kadiri kamba zinavyonyooka ndivyo sehemu ya kani inayoelekea juu inavyopungua, na kunyooka kabisa haiwezekani kwa kamba yoyote yenye mzigo. Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, aliuweka mezani msingi wa hesabu hizi za kani za mshazari mwaka 1586, karne moja kabla Newton hajachapisha sheria zake mwaka 1687.

Walimu wenzangu, nina ombi. Toeni alama kwa mchoro kabla ya alama za jibu, na mara mojamoja toeni swali lisilo na tarakimu hata moja, linalodai mpaka na mishale tu, kila mshale ukiwa na jina la anayeutoa. Mwanafunzi aliyefika kwenye jibu kwa njia iliyokaririwa atajulikana hapo, na aliyekosa kujumlisha lakini akachora vizuri naye atajulikana.

Kwa swali la namna hiyo nitamalizia, safari hii nikiweka tarakimu ili mhakiki. Mtu wa kilogramu 60 ameketi kwenye kiti cha kilogramu 10. Kamba iliyofungwa kwenye kiti inapanda, inapita juu ya roda iliyofungwa darini, na kushuka hadi mikononi mwake mwenyewe. Anajishikilia hewani, ametulia. Anavuta kwa kani gani?

Zungushieni mpaka mtu na kiti kwa pamoja. Mstari unaikata kamba mara mbili, mara moja juu ya kiti na mara moja juu ya mikono. Uzito wa jumla ni nyutoni 686, na mikazo miwili inayolingana inaubeba, kwa hiyo mkono unavuta kwa 343, nusu ya uzito wote. Je, kiti kinamsukuma mtu kwa kani gani? Mpaka wa kwanza hauwezi kujibu, kwa sababu kani hiyo imo ndani yake. Mtengeni mtu peke yake: uzito wa 588 kwenda chini, kamba ya mikononi 343 kwenda juu, na kiti kinamalizia 245. Kisha kitengeni kiti, muone kama tumesema kweli: kamba inakivuta juu kwa 343, mtu anakikandamiza chini kwa 245, na uzito wake ni 98. Jumlisheni 245 na 98.